Nguo Arobaini za Mize

Asubuhi hiyo dada yangu Mize aliniletea chai, nikakiona kikombe, mkono sikuuona. Kikombe kilitoka jikoni kwa mwendo wake ule ule wa taratibu, mwendo wa mtu anayeogopa kumwaga, kikapita juu ya mkeka, kikatua kando ya kitanda changu cha kufumia. Mvuke ulikuwa unapanda. Nikasema ahsante dada, maana nimelelewa na watu wenye adabu zao, na sauti yake ikanijibu, "Kunywa, itapoa." Kisha nikamsikia anarudi jikoni, anakohoa kidogo, anavuta kigoda. Sauti ilikuwa nzima na kikohozi kilikuwa kizima. Mwili tu ndio haukuwapo.

Niliinywa ile chai yote. Mtu mwingine angepiga ukelele, angeita majirani, angetafuta mtu wa kuja kusoma dua. Mimi nilikaa nikanywa mpaka machicha, kwa sababu nilikuwa nimelikoroga mwenyewe na sasa nalinywa. Nilijua mwili wa dada yangu umekwenda wapi. Nilikuwa nimeupeleka mimi, kipande kwa kipande, kwa miaka kumi na minane.

Naitwa Ruzuna. Kazi yangu ni kufuma. Huko mbali wananiita msanii, na neno hilo wanalitamka polepole na kuinamisha kichwa. Hapa kwetu wananiita yule asiyekaa kwao. Wote wana haki. Nimezunguka dunia nikitafuta rangi. Nimepanda mlima ambao mawe yake yameota kuvu ya njano, nikaikwangua kwa kucha kwa sababu kisu kinaichafua. Nimekaa kando ya ziwa ambalo tope lake hutia weusi usiopauka. Nimechuma majani ya mnili na wanawake ambao lugha yao sikuijua, tukaelewana kwa pua: mnili ukiiva ndani ya pipa hunuka, na uliponuka mpaka macho yakatoka machozi, ndipo wanawake wale walipocheka na kupiga makofi, kwamba buluu imekubali. Niliyapenda maisha hayo. Sitajifanya sikuyapenda. Nilikuwa nalala chini ya mti nisioujua jina, nasema moyoni kwamba mimi ni mtu wa hapa, na kesho yake nikawa mtu wa pengine. Muda wote huo Mize alikuwa nyumbani anamwosha baba miguu.

Sasa lazima niseme habari ya desturi yetu, maana bila hiyo hakuna kosa, na bila kosa mimi ni mwanamke tu aliyeletewa chai.

Kwetu rangi haichukuliwi, huombwa. Rangi yetu kubwa ni nyekundu iliyokolea, inayotoka kwenye gome la mkandaa, mti unaoota kwenye tope, mahali maji yanapojaa na kupwa. Anayekwenda kubandua gome huweka kwanza kiganja juu ya shina na kutaja jina la mtu atakayeivaa nguo. "Nimekuja kwa ajili ya fulani." Ndipo hubandua. Mti haumpi mfumaji rangi, wala hauipi nguo. Humpa yule aliyetajwa, na nguo ni njia tu ya kumfikishia. Anapotajwa, kitu chake kidogo huondoka mwilini na kuingia katika rangi; akishavikwa, humrudia kikiwa na nguvu zaidi. Nimewaona wagonjwa waliovikwa wakapata damu usoni. Nimemwona bibi harusi aliyekuwa akitetemeka, akavikwa, akatulia na kuanza kuwauliza wageni kama wamekula.

Nilipokuwa nafumia watu hakukuwa na tabu. Tabu ilianza nilipoanza kufumia kuta. Alikuja mgeni, akaona nguo nimeianika uani, akaitaka. Akasema hataivaa, ataitundika sebuleni kwake na kuitazama. Nikacheka mpaka nikajishika mbavu. Nguo ya kutazamwa! Kisha nikaona fahari, na fahari ikinipanda huwa sisikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Nikaenda mikandaani, nikaweka kiganja, nikakwama. Ukuta hauna jina. Na jina langu sikuthubutu, kwa kuwa tangu utoto tumeonywa kwamba mtu asijitaje kwa nguo ambayo hataivaa, atabaki njiani. Nilisimama pale na kisu changu, maji yanakaribia kurudi. Nikamtaja Mize. Kwa nini Mize? Kwa sababu alikuwapo. Kwa sababu alikuwa nyumbani, na nilijiambia kwamba mtu aliye nyumbani hana matumizi makubwa na jina lake.

Nguo ile ikapendwa. Wakaja wengine. Nikamtaja mara ya pili, mara ya tano, mara ya kumi na tisa. Ikawa mazoea; nilikuwa nikilisema jina lake huku nafikiria mambo mengine. Nguo arobaini, zote kwa jina la Mize, zikatawanyika katika miji ambayo yeye hajawahi hata kuisikia, zikatundikwa kwenye kuta, hakuna hata moja iliyovaliwa na mtu yeyote.

Dalili zilikuwepo. Kivuli chake kilianza kupauka. Nilirudi safari moja nikamwona amesimama juani, kivuli chake kimekuwa chepesi kama maji yaliyooshewa mchele. Harusini halua ilipitishwa, sahani ikamruka, akanyoosha mkono na mkono ukabaki hewani. Muuza samaki akamhudumia mtu aliyekuwa nyuma yake. Mize hakulalamika. Alisema watu siku hizi wana haraka. Baba alipokuwa anakufa alikuwa akiita, "Mize yuko wapi?" na Mize amemshika mkono. Hilo nilisimuliwa. Mimi sikuwapo; nilikuwa kwenye lile ziwa, na niliona haya kubwa niliposimuliwa, halafu nikaenda zangu mikandaani kwa ajili ya nguo ya thelathini na saba.

Na sasa ya arobaini na moja ilikuwa juu ya kitanda cha kufumia. Nguo kubwa kuliko zote, kazi ya miezi kumi na mmoja. Ilikuwa imeagizwa na Jumba la Watazamaji, jumba lile lisilo na madirisha ambalo watu huingia kutazama na hawaruhusiwi kugusa. Nilikuwa nimefuma ndani yake kila mahali nilipopita: njano ya mlima, weusi wa ziwa, buluu ya wale wanawake wenye pua kali. Kilichobaki kilikuwa ni dhiraa moja ya mwisho, na dhiraa hiyo ilitaka nyekundu. Nilikuwa nimekusudia kwenda mikandaani siku hiyo hiyo. Badala yake niliweka kikombe chini, nikamwita dada yangu, nikamuuliza kama anajisikia vizuri.

"Mzima," ikajibu sauti. "Kwani vipi?"

"Hakuna kitu, dada. Natoka kidogo."

"Usichelewe. Nina muhogo."

Nilitoka nikiwa na neno moja tu kichwani: nikalirudishe jina. Nikamwambie mkandaa kwamba nilikosea, arobaini zote, unirudishie dada yangu. Sikuwa na hakika kama jambo hilo linawezekana. Hakuna aliyewahi kulijaribu, kwa sababu hakuna mwingine aliyewahi kuwa na akili mbovu kiasi cha kuzitajia kuta jina la mtu.

Kutoka kwetu hadi mikandaani ni mwendo wa kuchemsha chungu kimoja cha maharage. Siku hiyo njia haikukubali kuwa fupi. Nilipita nyuma ya nyumba ya mwisho nikajikuta kwenye mlima wa mawe ya njano, na mahali nilipokwangua kuvu miaka ile palikuwa bado peupe, hapajaota tena. Niliteremka mlima nikatokea ziwani, na kwenye tope niliona shimo nililochimba kwa mikono yangu, alama za vidole zikiwa mbichi. Nilidhani mahali nilipopita nimepapenda, na kupenda kwangu kumepaachia kitu. Nilichoona ni matundu. Asubuhi ilikuwa imesimama pale pale; jua halikupanda wala halikushuka, likawa linanitazama kwenye kisogo.

Watu niliokutana nao walinisalimu kwa jina lisilo langu. "Mize, hujambo? Baba anaendeleaje?" Nilitaka kusema baba alikufa, mimi siye Mize. Mdomo wangu ukajibu, "Hajambo kidogo, leo kala uji." Na kweli viganja vyangu vilikuwa vinanuka mafuta ya karafuu, yale ya kumchulia baba miguu, ambayo mimi sikuwahi kuyashika. Mwanamke mmoja aliyebeba kuni akaniuliza, "Na yule mdogo wako, yupo?"

"Kasafiri."

"Tena?"

"Tena."

Akanitazama kwa huruma, akaenda zake. Sijawahi kutazamwa vile. Mimi nimezoea kutazamwa kwa kustaajabiwa.

Mimi ni nani? Ni yule anayetaja. Na Mize? Ni yule anayetajwa. Anayetaja ana miguu, anayetajwa ana kigoda. Nani alitugawia hivyo? Hakuna aliyetugawia, nilichagua upande wangu kabla yeye hajainua macho. Lakini kitu kizuri hukaa wapi? Hukaa kwa aliyekifuma? Hukaa kwa anayekitazama akiwa ameshika kikombe cha kahawa? Au hukaa kwa mtu ambaye jina lake lilitumika na hakuambiwa? Miaka kumi na minane nimepokea sifa kwa niaba ya nani? Nilijiuliza hivyo huku natembea, na kila swali nililijibu kwa sauti ya Mize, kwa maneno yake mafupi, mpaka nikaanza kuogopa kufungua mdomo.

Mikandaani maji yalikuwa yamekupwa na hayakuonekana kuwa na nia ya kurudi. Tope lilienea mpaka upeo wa macho, kaa wamesimama kwenye milango ya mashimo yao bila kusogea. Mkandaa wangu niliutambua kwa makovu. Arobaini, yamepangana kutoka chini hadi juu ya shina, kila moja na kingo zilizovimba, na hakuna hata moja lililofunga. Gome la mkandaa hurudi kwa miaka miwili mitatu ukilibandua kwa kiasi. Haya hayakurudi.

Juu ya mzizi alikuwa ameketi Bi Kazija, mwanamke anayelinda mikandaa. Yeye ndiye anayewaonyesha wafumaji mti upi umepumzika na upi uachwe. Alikuwa mzee wakati mama yangu alipokuwa msichana, na alikuwa mzee vile vile siku hiyo. Alikuwa anapasua chaza na kutupa maganda nyuma ya bega.

"Shikamoo, Bi Kazija."

"Marahaba. Umekuja kwa ajili ya nani leo?"

"Sikuja kubandua. Nimekuja kurudisha jina."

Akasita na chaza wake mkononi. "Kurudisha wapi?"

"Kwa mwenyewe. Nilimtaja dada yangu kwa nguo zisizo na mvaaji. Arobaini. Leo asubuhi simwoni."

"Ebo! Arobaini!" Akaitazama ile safu ya makovu kana kwamba anaihesabu, ingawa nina hakika aliijua. "Na mie nakaa hapa najisemea, Mize huyu ana nguo kama sultani. Mbona sijamwona kuzivaa hata moja?"

"Nifanye nini, bibi?"

"Gome likishabanduka umewahi kuliona linajigandisha?"

"La."

"Basi."

Nilipiga magoti kwenye tope. Nikasema nitajitaja mimi. Arobaini zote ziwe kwa jina langu, nibaki mimi njiani, yeye arudi. Nililia niliposema, na nilikuwa nasema kweli. Nilidhani hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote ambalo mtu anaweza kulitoa. Nikaweka kiganja juu ya shina, nikatamka, "Ruzuna." Mti ukanyamaza. Nikatamka tena. Ndani ya makovu nikasikia vyumba: kijiko kinagonga sahani, mlango unafungwa taratibu, mtu anakohoa peke yake, sauti za watu wengi wanaosema nzuri, nzuri, nzuri, huku wanaondoka.

"Haukutaki," akasema Bi Kazija.

"Kwa nini?"

"Mwanangu, kila nguo umeitia jina lako pembeni kwa sindano. Si ndivyo? Nimesikia mnafanya hivyo siku hizi."

"Ndivyo."

"Nje wewe. Sasa na ndani pia unataka uwe wewe. Unadhani unajitoa, kumbe unajitia." Akatupa ganda. Hakusema kwa ukali. Alisema kama anayemwambia mtu kwamba kiatu chake kimefunguka. "Mti hausamehi wala hauadhibu. Husikia tu. Nenda kwenu ukamwulize mwenye jina anataka nini. Au hilo nalo hujawahi kulifanya?"

Sikuwahi kulifanya. Nilisimama, magoti yamejaa tope, nikaanza kurudi. Hatua chache kutoka mtini nilikutana na mwanamke kijana anakuja na kisu kipya na kikapu, anaimba kwa pua, usoni ana furaha ya mtu aliyesifiwa jana. Nilimjua. Alikuwa ni mimi mwenyewe, wa miaka thelathini na moja, nakwenda kubandua kwa mara ya pili. Nikamzuia njia.

"Nguo ya nani?" nikamuuliza.

"Ya Mize," akajibu, bila hata kunitazama.

"Usimtaje. Nakuomba. Usimtaje."

"Ni jina tu, bibi," akasema, na akanipita.

Nilipoingia nyumbani jua lilikuwa limekubali kusogea, limefika kwenye kizingiti. Jikoni muhogo ulikuwa unajimenya. Ganda lilikuwa likitoka refu, jembamba, bila kukatika, namna Mize anavyomenya, kisu kikicheza hewani. Nilikaa kwenye mlango wa jikoni. Sikujua macho yangu niyaweke wapi, nikayaweka kwenye kisu.

"Ulikwenda mikandaani," ikasema sauti.

"Nani kakwambia?"

"Nimekuona. Siku hizi ninaona kwingi."

"Dada, unajua?"

"Nijue nini? Kwamba nimekwisha? Zimwi likujualo halikuli likakwisha, Ruzuna. Ndiyo nimebakizwa sauti." Akacheka kidogo, kisha akakohoa. "Mara ya kwanza nilidhani ni ndoto. Nimesimama kwenye chumba cha watu, baridi, nimetandazwa ukutani, mikono huku na huku. Watu wanakuja wananitazama. Wananitazama kwelikweli, hapa hakuna aliyepata kunitazama vile. Nikafurahi, nakwambia kweli. Halafu nikangoja mmoja aniulize hujambo."

"Hawakuuliza."

"Wataulizaje? Wanatazama nguo." Kisu kikasimama. "Iko nyumba moja ina mzee, mkewe amekufa. Anakula peke yake amenielekea mimi. Huyo namhurumia. Huwa ananionyesha tonge kabla ya kula, kama ananikaribisha. Wengine siwataki. Kuna jumba wamenitundika mkabala na choo."

Sikujua kama nicheke au nijipige. Nilisema, "Nisamehe, dada."

"Nimekusamehe zamani. Msamaha haunipi mkono wa kushikia kisu."

"Sema unachotaka. Chochote."

Kisu kilimaliza kumenya. Ganda la muhogo likaanguka sakafuni. Alipozungumza tena sauti ilikuwa ya chini, bila utani, na ndiyo sauti ninayoisikia mpaka leo kila ninapojaribu kulala mchana.

"Umenitaja mara arobaini, Ruzuna. Hujanivika hata mara moja."

Ningeweza kusema kwamba nilimletea zawadi kila safari, shanga, sabuni, kanga za dukani. Nikaitafuta katika miaka yote hiyo nguo moja niliyofuma kwa mikono yangu nikamwambia shika, hii yako. Sikuipata. Nilikuwa nimewavika maharusi wasionijua, na wagonjwa wa mitaa mingine, na kuta. Haya ilinishika kuanzia miguuni, nikasimama, nikaenda kwenye kitanda cha kufumia, nikachukua kisu.

Nguo ya arobaini na moja ilikuwa imevutwa sawasawa, na mtande wake, zile nyuzi za urefu zinazongoja kupitishiwa nyingine, ulikuwa umekaza. Nikausikia ukivuma nilipoukaribia. Mama, Mungu amrehemu, alitufundisha jambo moja kuhusu nguo isiyoisha: haikatwi. Ikikatwa, ile sehemu iliyokosekana hutoka kwa aliyekata. Hakueleza hutoka vipi. Alituonyesha tu shangazi yake mmoja, aliyekata nguo kabla haijaisha kwa kuwa alikasirika, na ambaye tulikuwa tunamsahau hata akiwa amekaa nasi kwenye sinia moja.

"Usikate kwa huruma," ikasema sauti ya Mize nyuma yangu. Alikuwa amenifuata, nilihisi joto lake begani. "Ukikata kwa kunihurumia nitakuwa tena kitu chako. Watakuja wakusifu, Ruzuna kamtolea dada yake kazi yake kubwa. Sitaki."

"Nikate kwa ajili ya nini, basi?"

"Kwa kuwa ni yangu."

Niliitazama kwa mara ya mwisho. Miezi kumi na mmoja. Nilipenda kila kidole cha nguo ile kuliko nilivyowahi kumpenda mtu, na nayasema haya ili ijulikane nilichokikata. Nilikuwa nimejiwazia ndani ya lile jumba lisilo na madirisha, nimesimama pembeni, nasikiliza wanavyonyamaza wakiingia. Nikaushika mtande kwa mkono wa kushoto. Nikakata kwa kuwa ilikuwa yake. Nyuzi ziliachia moja moja na kila moja ilitoa sauti yake, na mahali fulani katikati nilianza kulia kwa sauti kubwa, kilio cha msibani, na Mize hakuninyamazisha.

Unamvikaje mtu usiyemwona? Niliishika nguo kwa ncha mbili, nikaifungua mbele yangu, namna unavyomngojea mtoto anayetoka kuoga. Nikasema jina lake. Hakuna kiganja juu ya shina, hakuna kisu wala fahari. Nilimtazamia tu yeye mwenyewe. "Mize." Kitambaa kikapokea uzito. Kwanza mabega, yale mabega yake yaliyoinama upande mmoja kwa miaka ya kumnyanyua baba. Kisha kifua, kisha tumbo. Nikaipitisha nguo chini ya mikono yake, nikaifunga. Shingo ikaanza kuonekana juu ya upindo, kahawia, yenye mikunjo ambayo sikumbuki kuiona ikiingia. Kidevu. Mdomo. Mikono ikashuka kutoka ndani ya rangi, ikiwa bado imelowa maji ya muhogo. Macho yalikuja mwisho, yakanitazama, na dada yangu alikuwa mzee.

"Inanibana kwapani," akasema.

Nikacheka huku machozi yananitoka. "Nitailegeza."

"Na fupi."

Ilikuwa fupi. Iliishia magotini, pale dhiraa ya nyekundu ilipotakiwa kuanzia, na chini ya pindo lile lenye nyuzi zinazoning'inia hapakuwa na kitu, sakafu tu na maganda. Tulipatazama sote wawili. Nikainama nizifunge zile nyuzi zisifumuke. Ni fundo dogo, nimelifunga tangu nina miaka saba, naweza kulifunga nimefumba macho. Vidole vilizunguka uzi, vikapotea. Nikajaribu tena. Nilikuwa nauona uzi vizuri. Ncha za vidole ndizo sikuziona vizuri.

Mize alizichukua nyuzi mikononi mwangu. Akafunga fundo la kwanza, la pili, akashuka nalo pindo zima kwa haraka, bila kukosea.

"Nani kakufundisha?"

"Kila ukirudi safari ulikuwa unakaa hapa unafuma, nami jikoni. Ulidhani nilikuwa natazama sufuria?" Akajinyoosha, akajikung'uta mapaja. Akakiokota kisu changu sakafuni, akakijaribu makali kwa kidole gumba, akatwaa kikapu kilichokuwa nyuma ya mlango. "Haijafika miguuni. Nakwenda kutafuta gome."

"Dada, kuna makovu arobaini pale. Mti umechoka."

"Bi Kazija atanionyesha mwingine."

Alikuwa amefika mlangoni. Hofu ilinijia hapo, hofu ya kweli, ambayo sikuwa nayo hata kwenye tope nilipokuwa najitolea kwa kelele. "Mize," nikasema, "utataja jina la nani?"

Aligeuka akanitazama. Hakuwa na chuki usoni. Alikuwa na uso wa mtu anayekumbuka jambo la zamani na kuona kwamba halimuumi sana kama alivyodhani.

"Mara arobaini hukuniuliza," akasema. "Leo ndiyo unauliza?"

Akatoka. Nilimfuata mpaka kizingitini. Nguo ile ilikuwa ikishuka njia kwenye jua la alasiri, na rangi zote nilizozizungukia dunia zilikuwa zinatembea, na chini yake, pasipokuwa na miguu, vumbi lilikuwa linapata alama za nyayo. Jirani yetu Bi Salha, anayeuza vitumbua, alikuwa anapanda na bakuli lake kichwani. Akasimama akapiga kofi.

"Mize! Jamani, siku ngapi hatuonani! Umependeza, mwenzangu, unakwenda wapi?"

"Mikandaani," akasema dada yangu. "Nitapita kwako nikirudi."

"Karibu sana. Nyumbani hakuna mtu?"

Sikusikia Mize alijibu nini. Bi Salha aliendelea kupanda, anatabasamu peke yake, akapita mbele ya mlango wetu karibu anikanyage vidole, nami nikamwambia, "Habari za jioni, Bi Salha." Akaendelea kutembea.